Ufa wa nondo una umri mkubwa kuliko nondo

Nondo ikionekana na ufa unaofuata urefu wake, au kigamba kinachobanduka kwa ukucha, lawama humwangukia mwendesha rola, mitambo inayobana chuma cha moto mpaka kiwe nondo. Mara nyingi anaonewa. Nyufa nyingi za aina hiyo huanza kabla nondo haijawa nondo, chuma kikiwa bado kinashuka kwenye kalibu, yaani umbo linalokigandisha. Rola huzirefusha tu na kuzianika.

Tuanze na jinsi kinavyomiminwa. Chuma hutoka kwenye ndoo kubwa kikiwa na joto la nyuzi 1,550 hivi za Selsiasi, hupita kwenye beseni la kugawia, kisha huingia kwenye kalibu ya shaba isiyo na kitako, inayopozwa kwa maji na yenye urefu usiozidi sana mita moja. Kikitoka chini, kina ganda la unene wa milimita kumi na kitu, na ndani bado ni uji. Bileti, yaani mche wa chuma utakaobanwa na rola kuwa nondo, ikishuka mita 3 kwa dakika hupita kalibu ya mita 0.8 kwa sekunde 16. Katika sekunde hizo, hasa ile ya kwanza kabisa, ndipo uso wa chuma unapopata hatima yake.

"Mistari inayokatiza bileti ni dalili ya mtambo mbovu."

Hapana. Kalibu hupandishwa na kushushwa makusudi, zaidi ya mara mia kwa dakika, milimita chache kila mara. Ikitulia, ganda changa hunata kwenye shaba, huchanika, na chuma cha moto humwagika chini ya mtambo. Mjerumani Siegfried Junghans ndiye aliyeleta kalibu inayotikisika katika miaka ya 1930, kwanza kwa metali nyingine, na bila wazo hilo kumimina chuma mfululizo kusingeenea viwandani. Kila mtikisiko huacha alama: chuma kikishuka mita 1.2 kwa dakika na kalibu ikitikisika mara 120, utaona mstari kila milimita 10. Cha kuogopa ni kina cha mstari. Ukiwa na kina kirefu, ganda la chini yake huwa jembamba na hupoa polepole, na hapo ndipo nyufa za kukatiza hupenda kuanzia.

"Kadiri chuma kinavyokuwa na kaboni nyingi ndivyo kinavyopasuka zaidi kwenye kalibu."

Hii inaaminika kwa urahisi, kwa sababu kaboni hukifanya chuma kuwa kigumu. Lakini chuma kinachoogopwa zaidi kwa nyufa za urefu ni kile laini chenye kaboni ya asilimia 0.1 hivi. Kinapoanza tu kuganda, atomi zake hujipanga upya na kusongamana zaidi, hivyo ganda husinyaa ghafla likiwa bado jembamba kama utando wa maziwa. Hujivuta kutoka kwenye shaba, lakini si sawasawa: hapa limegusa, pale limeachia. Palipoachia hupoa polepole na kubaki pembamba, kisha mvuto wote unakusanyika hapo. Ufa unafuata.

Ndiyo maana siwezi kukubaliana na wanaosema "ongeza maji, chuma kitaimarika haraka." Dawa ya chuma hicho ni kinyume chake: kupunguza kasi ya kupoa ndani ya kalibu ili ganda likue sawasawa. Kwenye mitambo inayomimina mabamba, yaani vipande vipana na bapa badala ya bileti, kazi hiyo hufanywa na poda inayonyunyizwa juu ya chuma. Wengi huidhani ni blanketi tu la kutunza joto. Poda hiyo huyeyuka, hupenya kati ya ganda na shaba, hulainisha, hunyonya uchafu, na utando wake ukijenga fuwele hupunguza joto linalotoka. Chini ya kalibu nako maji yakizidi, kona za bamba hushuka hadi kati ya nyuzi 700 na 900, ambako vyuma vingi hupoteza unyumbufu, na bamba likinyooshwa hapo linapasuka.

"Moto husafisha kila kitu kilichomo kwenye vyuma chakavu."

Dhana hii inatuhusu sana, maana viwanda kadhaa vya nondo Afrika Mashariki huyeyusha vyuma chakavu. Mota au waya wa shaba ukiingia tanuri pamoja na vyuma, shaba hiyo haitoki tena. Ukipuliza oksijeni, chuma ndicho kinachoungua kwanza. Baadaye bileti ikipashwa moto, uso wake hugeuka magamba ya kutu nyeusi, lakini shaba haigeuki. Inarundikana chini ya magamba. Shaba huyeyuka kwa nyuzi 1,085, na tanuri la kupashia huwa na joto zaidi ya hapo. Basi inatiririka katikati ya chembe za chuma na kuzitenganisha. Bati huzidisha balaa hilo, nikeli hulipunguza. Njia za uhakika ni kuchambua kabla ya kuyeyusha, au kuchanganya na chuma kipya kilichotokana na mawe ya madini.

"Rola zitaufunga ufa."

Ufa wa ndani, ambao hewa haijaufikia, unaweza kuungana kwa joto na mgandamizo. Ufa wa juu umeshavuta hewa na kuta zake zina magamba, na magamba hayashikani. Bileti ya namna hiyo husagwa kwa jiwe mpaka ufa uishe, au hurudishwa tanuri.