Asali ikiokwa haigeuki sumu

Kila Sikukuu ikikaribia, vileja na biskuti zinapopaliwa moto juu na chini, ujumbe ule ule hurudi kwenye magrupu ya Unguja na Pemba: asali ikitiwa motoni hugeuka sumu, hivyo biskuti za asali zisiliwe. Si kweli.

Kilicho kweli ni kwamba moto hupunguza harufu ya asali na kuua vimeng'enya vyake. Pia huongeza kemikali iitwayo HMF, na hapo ndipo watu huchanganyikiwa. Kemikali hiyo hutokea sukari yoyote inapopata moto. Imo kwenye ganda la mkate na kwenye kahawa yetu ya barazani. Viwango vya kimataifa vinairuhusu hadi miligramu 80 kwa kilo ya asali ya nchi za joto, lakini hicho ni kipimo cha ubora, kujua kama asali ni kongwe au imechemshwa. Kupoteza ubora na kuwa sumu ni mambo mawili mbalimbali.

Jaribu mwenyewe: oka biskuti ya sukari na ya asali pamoja. Ya asali hukoza rangi mapema, basi punguza makaa ya juu.

Tahadhari ya kweli, ambayo ujumbe huo haukuitaja, ni hii: mtoto chini ya mwaka 1 asipewe asali, hata iliyookwa. Na mwenye kisukari aihesabu kama sukari.

Ukiletewa tena, tafadhali usiusambaze. Mjibu kwa upole aliyekutumia. Huenda naye aliogopa tu.