Eti vidonge havina nguvu: sindano za mshipa kwa wagonjwa wanaolala kwao

Jumatatu asubuhi kaingia mama na binti yake wa chuo, kanula, kile kimrija cha mshipani, iko mkononi tangu Alhamisi, plasta imeshageuka rangi ya udongo. "Sista, tumekuja kumalizia ya tano." Ya tano ya nini? "Pawasefu, ya UTI sugu." Pawasefu ni jina la dukani la seftriaksoni, antibayotiki ya sindano. Mkojo uliwahi kuoteshwa maabara ijulikane ni bakteria gani? Kimya. Anatapika? Hatapiki, hapo nje katoka kula chapati mbili na chai. Sasa mbona hakupewa vidonge? Mama akanitazama kama nimemtukania ukoo: "Sista, vidonge havina nguvu, huyu anaumwa kweli."

Kazi yangu ndo hiyo, wagonjwa wanaokuja kuchoma antibayotiki za mshipa halafu wanarudi kulala kwao, na hii ya vidonge havina nguvu nimeisikia mpaka naiota usiku.

Jamani, mshipa ni njia ya kuingilia tu. Dawa ikishafika kwenye damu haijui ilipita mkononi au mdomoni. Cha kuuliza ni kidonge kikishuka tumboni kinafika kiasi gani kwenye damu, basi. Chukua antibayotiki za vidonge: flajili hii hii mnayoijua inafika karibu yote, levofloksasini karibu yote, doksi (doksisaiklini) zaidi ya 90%. Sipro (siprofloksasini) inafika kama 70 mpaka 80%, ndo maana kidonge cha miligramu 500 tunakihesabu sawa na chupa ya miligramu 400 ya mshipani. Kwahiyo mtu anayekula vizuri, hatapiki wala haharishi, ukimtundikia chupa ya flajili umemuongezea gharama na tundu mkononi, nguvu ni ileile.

Sasa watu wanatoa wapi hiyo imani? Nimewachunguza. Mtu anapewa sipro, anaimeza na chai ya maziwa, kiungulia kikimpanda anatafuna maginesiamu juu yake, kumbe kalsiamu na maginesiamu vinaishika sipro hukohuko tumboni isiingie kwenye damu, siku ya tatu bado mgonjwa anasema kidonge kimegoma. Mwingine ana mafua makali ya virusi, anachomwa sindano tatu, mafua yanaisha yenyewe kama yalivyokuwa yaishe, sifa inaenda kwa sindano. Na yule aliyeishiwa maji mwilini ukimpa dripu lazima achangamke, yale ni maji na chumvi yamemchangamsha, antibayotiki hata haijaanza kazi.

Hata kwenye mifupa, ambako sisi wenyewe zamani tuliapa kwamba lazima mshipa wiki 6, Waingereza walilijaribu. Wagonjwa 1,054 wenye maambukizi ya mifupa na viungo, nusu wakaendelea na mshipa, nusu wakahamia vidonge ndani ya wiki ya kwanza ya matibabu, matokeo yakatoka 2019. Baada ya mwaka, tiba ilishindwa kwa 14.6% ya wale wa mshipa na 13.2% ya wale wa vidonge. Ila vidonge vile vilichaguliwa na wataalamu wa maambukizi, sio vya kuokoteza dukani, msije mkaninukuu vibaya.

Sisemi sindano hazina kazi, ningekuwa nakula wapi? Homa ya uti wa mgongo, sumu ya bakteria ikiingia kwenye damu presha ikashuka, mtu anayetapika kila kitu, bakteria ambaye kipimo kimeonyesha hakuna kidonge kinachomuweza, hapo mshipa hauna mjadala. Na seftriaksoni yenyewe haina kidonge, tumbo haliipokei. Uzuri wake inachukua kama masaa 8 kupungua nusu mwilini, kwahiyo kwa magonjwa mengi mara moja kwa siku inatosha, ndo maana mtu akishatulia wodini anaweza kumalizia dozi akitokea nyumbani.

Hapo kuna wanaolalamika wamefukuzwa kitandani. Hapana bwana. Huu mtindo wa kuchomwa mshipani na kulala kwako Marekani waliuanza na watoto wenye ugonjwa wa mapafu wa kurithi mwaka 1974, na kulala kwako kunakuepusha na vijidudu vya wodini ambavyo vingine ni vikaidi kuliko ulichokuja nacho.

"Kanula ikiuma ujue dawa inafanya kazi." Uongo. Mshipa umeungua au dawa inavujia pembeni, itolewe. Mimi wangu wote nawaambia kila jioni piga picha ya pale ilipoingia, mwanga uleule, kesho nioneshe simu. Kuoga funga mfuko wa mkate na raba bendi, mfuko wa mkate ndo bora, nimeshajaribu yote.

"Nilishachomwa hii, sina aleji." Aleji inaweza kuja hata mara ya nne. Kwahiyo kabla hujatoa mkono muulize anayekuchoma adrenalini, sindano ya kumuokoa mtu aleji ikimpanda ghafla, iko wapi, akianza kufungua fungua madroo ondoka. Na gramu moja ya seftriaksoni inasukumwa taratibu dakika 2 mpaka 4, sio kama anajaza upepo baiskeli. Ile chupa ya kuyeyushia yenye ganzi ni ya kuchoma kwenye msuli tu, ikiingia mshipani inaweza kuuvuruga moyo. Dripu ya Ringa nayo ina kalsiamu, haichanganywi na seftriaksoni.

Nafuu ya siku ya pili sio kupona, hilo mnalijua mnajitoa ufahamu tu.

Yule binti nilimtoa kanula, mshipa umekakamaa kama waya wa breki. Daktari akamwona, akasema kuotesha mkojo sasa hivi kunaweza kusioneshe kitu maana dozi 4 zimeshapita, ya tano haina sababu. Mama akakitoa kichupa cha dawa iliyobaki kwenye mkoba, akakigeuzageuza, akaniuliza taratibu, "Basi sista, hii si nimchome mdogo wake, ana mafua?"