Mstari wa 1919 uliowagawa Waewe

Ukitoka katikati ya Lomé, mji mkuu wa Togo, ukafuata barabara ya pwani kwenda magharibi, hufiki mbali kabla ya kukuta mpaka. Ng'ambo ni Aflao, Ghana. Huku Waewe, kule Waewe, na pande zote mbili wazee husimulia kwamba asili yao ni mji wa Notsé, walikomkimbia mfalme Agokoli.

Nimechunguza mipaka ya makoloni kwa muda mrefu, na kila mara nasikia lawama zote zikitupiwa mkutano wa Berlin wa 1884–85, ambapo mataifa ya Ulaya yalijadili kugawana Afrika. Kwa Waewe jibu hilo halitoshi. Ni kweli Wajerumani na Waingereza waliwagawa kabla ya 1900: Waanlo, Waewe wa pwani, walibaki Gold Coast (Ghana ya leo) chini ya Waingereza, lakini miji ya Ho, Kpalimé na Lomé ilikuwa ndani ya koloni moja la Kijerumani, Togo. Wajerumani waliposalimu amri Agosti 1914, Waingereza wakazishika zote tatu. Kwa miaka michache, sehemu kubwa ya Waewe walikuwa chini ya mtawala mmoja.

Tarehe 10 Julai 1919, mawaziri wa makoloni, Lord Milner wa Uingereza na Henry Simon wa Ufaransa, wakatia saini mgawanyo mpya. Ufaransa ilipata karibu theluthi mbili ya Togo, pamoja na bandari ya Lomé na reli zake. Ho ikabaki kwa Waingereza, Kpalimé ikaenda kwa Wafaransa. Wakuu wa Lomé, akiwemo mfanyabiashara Octaviano Olympio, walipinga bila kufanikiwa.

Kitu ambacho watu hawakitaji ni kwamba mstari huohuo uliwaunganisha wengine. Kaskazini, Wadagomba walikuwa wamekatwa na mpaka wa Wajerumani, hata Yendi, makao ya mfalme wao, ikawa upande wa pili. Mwaka 1919 wakarudi pamoja chini ya Uingereza. Kilichokuwa nafuu kwa Wadagomba kilikuwa msiba kwa Waewe.

Wala mistari ya Milner haikuwa ya kudumu milele. Mwaka huohuo alikubaliana na Mbelgiji Pierre Orts kuimegea Tanganyika eneo la Gisaka, Rwanda, kwa ajili ya reli. Malalamiko yakafanya lirudishwe miaka michache baadaye. Waewe hawakupata sikio kama hilo, ingawa Sylvanus Olympio, mpwa wa Octaviano, aliwatetea mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, lililosimamia maeneo kama Togo, mwaka 1947.

Kwa maoni yangu, kilichoufunga mpaka ni kura ya maoni ya 9 Mei 1956. Wakazi wa Togo ya Waingereza waliulizwa kama wajiunge na Gold Coast au wabaki pembeni chini ya udhamini. Asilimia 58 walichagua kujiunga. Lakini kaskazini, kwa Wadagomba, kujiunga kulilinda umoja wao. Ho na Kpandu, kwa Waewe, wengi walikataa. Kura zikahesabiwa kama za eneo moja. Hapo ndipo naona dhuluma: watu waliogawanywa wakashindwa kwa kura za watu waliounganishwa na mstari uleule.

Ghana ikapata uhuru 6 Machi 1957, pamoja na Ho ndani yake. Togo ya Wafaransa ikafuata 27 Aprili 1960 chini ya Sylvanus Olympio. Kwame Nkrumah alipotaka Togo ijiunge na Ghana, Olympio alikataa.