Maana ya mtindo wa Kiarabu-Kinormani wa Palermo

Mtindo wa Kiarabu-Kinormani ni jina wanalolitumia wanahistoria wa sanaa kwa majengo yaliyojengwa katika kisiwa cha Sisilia, hasa mjini Palermo, katika karne ya 12, pale wafalme wa Kinormani, wenye asili ya Normandia, kaskazini mwa Ufaransa, walipotawala raia waliokuwa Waislamu, Wagiriki, Wayahudi na Wakristo wa Kilatini. Waislamu kutoka Afrika Kaskazini waliuteka mji huo mwaka 831, na Wanormani wakauchukua mwaka 1072, lakini mafundi na makarani waliokuwapo waliendelea kuhitajiwa.

Mtindo huu unaonekana waziwazi katika Cappella Palatina, kanisa dogo ambalo Roger wa Pili, aliyetawazwa siku ya Krismasi mwaka 1130, alilijenga ndani ya kasri lake. Kuba na kuta zake zimepambwa kwa mozaiki za dhahabu za Kibizanti, yaani za dola ya Kigiriki ya Konstantinopoli, zenye maandishi ya Kigiriki na Kilatini, ilhali dari ya ukumbi wake ni ya mbao, imechongwa vijishubaka vilivyopandana kama sega la nyuki, nayo imechorwa wapiga muziki, wanywaji na maneno ya dua kwa Kiarabu. Hapo hakuna fundi aliyelazimika kuiacha sanaa yake, kwani mfalme alitaka kila jamii iuone utukufu wake kwa lugha na mapambo inayoyafahamu. Kwa hiyo sioni kuwa ni sahihi kuuita mtindo huu alama ya kuvumiliana tu. Ulikuwa pia chombo cha utawala.

Hali hiyo haikuishia kwenye kasri. Katika jumba la Zisa, mjini Palermo, limehifadhiwa jiwe la kaburi la Anna, mama wa kasisi Grisanto, aliyefariki mwaka 1148, lililoandikwa kwa Kilatini, Kigiriki, Kiarabu, na Kiarabu cha herufi za Kiebrania, kila andiko likihesabu mwaka kwa kalenda yake. Kwenye baraza la kifalme la Roger huyohuyo ndiko al-Idrisi, mwanajiografia Mwislamu, alikokamilisha, mwaka 1154, kitabu cha jiografia kinachoitaja hata Malindi.

UNESCO iliyaorodhesha majengo haya, pamoja na makanisa makuu ya Cefalù na Monreale, mwaka 2015. Waislamu wenyewe hawakudumu kisiwani: katika karne ya 13 Frederick wa Pili, mjukuu wa Roger, aliwahamishia kwa nguvu Lucera, Italia bara.