Uwiano wa gia kwenye baiskeli ya safari

Uwiano wa gia ni hesabu ya kugawanya. Chukua meno ya sproketi (gurudumu la meno linaloshika cheni) ya mbele, ile inayozungushwa na pedali, ugawe kwa meno ya sproketi ya nyuma. Mbele 48, nyuma 20, jibu ni 2.4: pedali ikizunguka mara moja, gurudumu la nyuma linazunguka mara mbili na kitu. Zidisha kwa mzingo wa gurudumu, unapata umbali. Tairi ya 700C, saizi ya kawaida ya magurudumu makubwa, yenye upana wa milimita 40 ina mzingo wa kama mita 2.2, hivyo 2.4 inakusogeza mita 5.3. Kwenye lami tambarare, safi kabisa. Mlimani ukiwa na mizigo, utashuka usukume.

Wengi wanaojiundia baiskeli nyepesi ya kusafiria, ya lami na ya vumbi, huanza na fremu. Mimi ningeanza na gia nyepesi kuliko zote, kisha vipuri vingine vifuate.

Fikiria barabara ya kutoka Mombo kupanda Lushoto, kwenye milima ya Usambara, Tanzania, kilomita 30 na ushei ambazo zinakupandisha karibu mita elfu moja. Tuseme wewe, baiskeli na mizigo mna kilo 100, na umefika kipande chenye mwinuko wa asilimia 8. Gia nyepesi kuliko zote ya baadhi ya baiskeli za mashindano ni mbele 34 kwa nyuma 28, yaani 1.21. Ukizungusha pedali mara 60 kwa dakika unakwenda karibu kilomita 10 kwa saa, na kupambana na mwinuko peke yake kunadai wati 210 hivi. Mtu wa kawaida hafiki mbali kwa nguvu hiyo. Sasa weka 26 kwa 36, yaani 0.72. Kwa mizunguko ileile mwendo unashuka chini ya kilomita 6, na wati zinabaki kama 125. Ni polepole, waenda kwa miguu watakusalimia kwa raha zao, lakini magoti yatafika salama.

Kwa hiyo kwa safari ya mizigo, uwiano wa chini kabisa uwe chini ya 1. Kwenye vumbi sababu inaongezeka. Ukipita Lushoto kuelekea Mtae, mahali penye changarawe legelege, ukisimama juu ya pedali uzito unahama kutoka nyuma na tairi inateleza. Gia nyepesi inakuruhusu kupanda ukiwa umekaa.

Kuna wanaoona gia hizi ni za wanyonge. Ubishi huo ni wa zamani: Henri Desgrange, mwanzilishi wa Tour de France, alivipinga vibadilisha gia, yaani vifaa vinavyohamisha cheni kutoka sproketi moja hadi nyingine, na viliruhusiwa katika mashindano hayo mwaka 1937 tu.

Upande wa gia nzito ndiko watu wanakobeba wasichohitaji. 46 kwa 11, kwa mizunguko 90 kwa dakika, ni karibu kilomita 50 kwa saa. Nani anakanyaga pedali kwa kasi hiyo na mabegi nyuma? Mbele 40 inatosha na kubaki.

Ukishaamua sproketi mbili mbele, za meno 40 na 26, na 11 hadi 36 nyuma, kibadilisha gia cha nyuma kinajichagua. Tofauti ya mbele ni meno 14, ya nyuma 25, jumla 39. Hicho ndicho kiasi cha ulegevu wa cheni kinachopaswa kumezwa, kwa hiyo tafuta chenye mkono mrefu (ule unaovuta cheni isilegee), na uhakikishe kinafika kwenye sproketi ya meno 36. Chenye uwezo wa kumeza meno 35 tu kitakuacha na cheni inayoning'inia, au iliyokazwa hadi kukatika.

Magurudumu nayo yanaingia kwenye hesabu. Inchi 26 yenye tairi ya milimita 50 ina mzingo wa kama mita 2.07, hivyo kila gia inakuwa nyepesi kwa asilimia 6 bila kubadilisha jino hata moja. Na mara nyingi tairi za inchi 26 ni rahisi kupatikana kwa mafundi wa vijijini kuliko za 700C.