Spoku hukatika kwa kulegea: ninavyochagua habu na spoku za makinga ya Lubumbashi

Katika kazi hii ya kusuka magurudumu, swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Yaya, huwezi kunitilia spoku za pikipiki?" Anayeuliza kwa kawaida ni mtu wa makala, yaani mbeba makaa ya kuni. Anatoka porini na magunia yamesimama nyuma ya kinga (baiskeli) yake, anapita vumbi na mawe hadi mitaa ya Lubumbashi kama Katuba, Ruashi au Kenya, na spoku za nyuma zinamkatikia njiani. Ameshapata jawabu lake: spoku imekatika, basi ilikuwa nyembamba, nipe nene. Mimi humwambia hapana. Sababu yake inastahili kuelezwa vizuri, maana ndiyo inayoamua ununue habu (kitovu cha gurudumu) gani na spoku gani, na faranga za mtu wa makala hazipatikani kwa urahisi.

Anza na spoku iliyokatika. Usiitupe, itazame. Mara nyingi imekatikia kwenye kiwiko, pale inapopinda kuingia tundu la habu, wala si katikati. Isogeze kwenye mwanga: sehemu kubwa ya mahali ilipokatikia ni laini na imefifia, pengine imeshika kutu tayari. Ni kipande kidogo tu cha pembeni kinachong'aa na kukwaruza kidole. Sehemu ile laini ni ufa uliokuwa ukitembea taratibu kwa muda mrefu. Kile kinachong'aa ni cha siku ya mwisho. Chuma kilichozidiwa na uzito kwa mara moja hakikatiki hivyo. Hiki kimechoka.

Kimechokaje? Spoku ya mm 2 ya chuma kizuri huvumilia kuvutwa kwa zaidi ya kilo 200 kabla ya kukatika, na gurudumu lina spoku 36 au 40, kwa hiyo mzigo peke yake hauwezi kuwa sababu. Ila gurudumu likibeba mzigo, ringi hubonyea kidogo sana pale inapogusa ardhi, na spoku zilizo chini hupungukiwa mkazo. Likizunguka, mkazo unarudi. Kwa gurudumu la inchi 28 jambo hilo hutokea kama mara 450 kila kilomita. Kutoka Kipushi hadi mjini ni kilomita 30 hivi, kwa hiyo kila spoku imeshuka na kupanda mara zaidi ya 13,000 kabla hujashusha gunia. Iliyokazwa vizuri hushuka kutoka mkazo mkubwa hadi mdogo, bado inavuta, na inaweza kuishi miaka. Iliyolegea hufika sufuri: kiwiko kinacheza ndani ya tundu, nipeli (nati ndogo inayoishika spoku kwenye ringi) inajifungua yenyewe, jirani zake wanabebeshwa kazi yake, na ufa unaanza.

Sasa tufanye hesabu ndogo juu ya unene. Spoku ya urefu wa mm 290 ikivutwa kwa kilo 100 hurefuka. Yenye unene wa mm 2 hurefuka karibu mm 0.45. Ya mm 2.3, ile ambayo wengi wanaiona ndiyo dawa, hurefuka mm 0.34 tu. Yenye ncha za mm 2 lakini nyembamba katikati, mm 1.8, hurefuka karibu mm 0.55. Ringi ikigonga jiwe na kubonyea mm 0.4, spoku nene imeshalegea kabisa wakati ile nyembamba katikati ingali inavuta. Ni kweli kwamba spoku nene hupunguza kubonyea kwenyewe, lakini ili zifanye kazi zinataka kukazwa zaidi, na ringi nyepesi za sokoni hazivumilii mkazo huo: zinapasuka kwenye matundu au zinapinda. Spoku za pikipiki zimetengenezewa ringi za pikipiki. Ukizitia kwenye ringi ya kinga utakuwa na vyuma vinene vilivyolegea, na hakuna gurudumu baya kuliko hilo.

Kwa hiyo kwa mtu wa mzigo ninapenda spoku iliyo nene pale inapochoka na nyembamba pale isipochoka: mm 2.3 kwenye kiwiko, mm 1.8 katikati, mm 2 kwenye nyuzi (hesi) za nipeli. Zipo na zinatengenezwa hivyo makusudi. Sapim wa Ubelgiji, walio kwenye kazi ya spoku tangu 1918, wanatengeneza spoku za kupunguzwa unene za namna mbalimbali, na mwenye ndugu huko anaweza kuletewa pakiti ndani ya sanduku. Asiyeweza kuzipata achukue za mm 2 moja kwa moja, za chuma kisichoshika kutu, na aweke akili yake kwenye ukazaji. Gurudumu la spoku za kawaida zilizokazwa sawasawa litadumu kuliko la spoku za bei kali zilizotiwa haraka haraka.

Zile zilizopakwa zinki, ambazo ndizo rahisi sokoni, sizikatai kwa kinga ya kwenda shuleni au kanisani. Kwa makala nazikataa, maana mvua ikianza Novemba hadi Machi kutu huingia kwenye nyuzi za nipeli na baada ya hapo hakuna funguo itakayokaza chochote. Na usijaribu kutambua spoku nzuri kwa sumaku. Chuma kisichoshika kutu kikishavutwa kuwa waya huanza kushika sumaku kidogo, hivyo utairudisha ya kweli. Ipinde kidogo kwa mikono, uone kama inarudi ilivyokuwa, kisha tazama nyuzi zake kama ni safi na zinalingana. Nipeli ziwe za shaba. Za alumini ni nyepesi, na huo ndio wema wao wote.

Kiwiko na tundu ninavitazama kwa makini kuliko kitu kingine. Habu za chuma za makinga ya zamani zina sahani (kingo mbili za habu zenye matundu ya spoku) nyembamba, kama mm 2. Habu za alumini zina sahani nene zaidi, kama mm 3. Spoku nyingi za leo zimepindwa kufuata sahani nene. Ukiitia kwenye sahani nyembamba, kichwa kinakaa lakini kiwiko kinaning'inia nje, hakiegemei popote, na kila mzunguko kinapindwa na kunyooshwa. Dawa yake ni pete ndogo ya shaba chini ya kichwa cha spoku: inavuta kiwiko ndani hadi kiguse sahani. Pete hizo hazina bei kubwa, lakini nimeona gurudumu lililokuwa likikata spoku mara kwa mara likatulia kabisa baada ya kusukwa upya nazo. Tundu nalo lisiwe pana mno. Spoku ya mm 2 inataka tundu la mm 2.5 hivi. Habu iliyokwisha kuliwa, ambayo matundu yamekuwa mayai, iache.

Tukija kwenye habu yenyewe, watu huuliza kwanza chapa, mimi huuliza sahani zake mbili zimeachana kiasi gani. Anayeendesha kinga huinama pamoja nayo kwenye kona, hivyo gurudumu lake halisukumwi sana upande. Mtu wa makala haendeshi. Anatembea kando, ameilaza kinga kidogo kuelekea kwake, na magunia yanalisukuma gurudumu ubavuni njia nzima. Magurudumu haya yanapata nguvu ya ubavuni ambayo waliochora habu za mashindano hawakuifikiria. Kinachoizuia ni upana kati ya sahani: zikiachana, spoku zinasimama kwa pembe nzuri na ringi haiyumbi. Zikikaribiana, gurudumu linapinda kama nane siku moja mlimani, bila onyo.

Ndiyo sababu simshauri mbeba mzigo habu ya gia nyingi. Rundo la meno linakula nafasi upande wa kulia, sahani ya kulia inasukumwa kuelekea katikati, na pande mbili hazilingani tena. Sahani ya kushoto ikiwa mm 35 kutoka katikati na ya kulia mm 20, spoku za kushoto zitakuwa na mkazo wa asilimia 57 tu ya zile za kulia. Kaza kulia hadi kilo 120, kushoto hutapata hata 70. Na tumeshaona spoku iliyolegea inaishia wapi. Habu ya jino moja (gia moja tu), yenye pande zinazokaribia kulingana, ndiyo gurudumu imara zaidi unaloweza kujengewa, nayo ndiyo ya bei nafuu. Ni nadra sana katika kazi yangu kitu bora kiwe pia cha bei ya chini, kwa hiyo tufurahi nacho.

Vijana wanaofanya mazoezi barabara ya Likasi wanahitaji gia, na kwao nina sharti moja: habu ya kaseti, ambayo rundo la meno huvalishwa juu ya mwili wa habu, siyo ya frihwili, ambayo rundo hilo hufungwa kwenye habu kwa nyuzi. Kwenye ile ya nyuzi, gololi za kulia zinakaa ndani mbali na fremu, na ekseli inabaki urefu mzima bila wa kuishika, hivyo inapinda na kukatika. Shimano walipotoa habu ya kaseti mwaka 1978 waliihamisha beringi ya kulia hadi karibu na fremu, na tatizo hilo likapungua sana. Kwa vijana hawa natumia matundu 32. Mtu wa mzigo nampa 36, au 40 kama ringi yake inayo. Makinga ya mtindo wa zamani yalikuwa na 32 mbele na 40 nyuma, na mpango huo sioni sababu ya kuubadilisha.

Kuhusu gololi au beringi iliyofungwa, watu hubishana sana. Vumbi letu jekundu linaingia kila mahali, kisha mvua inaligeuza tope. Habu ya koni na gololi unaifungua kwa spana mbili, unaosha kwa mafuta ya taa, unatia grisi mpya, unarudisha gololi tisa za robo inchi kila upande wa nyuma, kumi za inchi 3/16 kila upande wa mbele, na umemaliza. Fundi yeyote wa kijijini anaiweza. Beringi iliyofungwa inakaa muda mrefu bila kuguswa, lakini ikifa hubadilishwa nzima. Kabla hujalipa, muulize muuzaji namba ya beringi. Ikiwa ni 6000 au 6001, yenye alama 2RS ya mpira pande zote mbili, chukua kwa amani: ni namba za kawaida, na wauza vipuri vya pikipiki na vya mota za umeme huwa nazo. Ikiwa ni namba ambayo hakuna duka hapa mjini linaijua, habu hiyo ni ya mtu anayeishi penye duka lake.

Kusuka ni hesabu fupi. Mvumbuzi James Starley wa Uingereza alipata hataza ya gurudumu la spoku zinazopishana mwaka 1874, na kwa gurudumu la nyuma hakuna aliyepata njia bora zaidi. Spoku zilizonyooka kutoka katikati haziwezi kusukuma: ukikanyaga pedeli, habu inajizungusha kwanza kabla ringi haijafuata, na sahani zinavutwa kwenda nje hadi zinapasuka. Kujua zipishane mara ngapi, gawanya idadi ya spoku kwa 9 uache mabaki. 36 inakupa 4, 32 inakupa 3, 40 inakupa 4. Hicho ni kikomo. Mimi 36 naisuka kwa 3 nikiwa na sahani ndogo, ili spoku isikanyage kichwa cha jirani yake. Kwenye habu ya torpedo, ile ya breki ya kurudisha pedeli, nakwenda hadi kikomo, maana breki yote inapita kwenye spoku.

Urefu usikisie kwa kuazima spoku ya gurudumu lingine. Pima kipenyo cha ringi hadi zinapokalia nipeli, kipenyo cha duara la matundu ya habu, na umbali wa kila sahani kutoka katikati. Ringi ya mm 600, duara la mm 58, sahani mm 35, spoku 36 zikipishana mara 3, jibu ni mm 287.5. Upande wa meno, ambapo sahani iko mm 20, ni mm 286. Tofauti ya milimita moja na nusu tu, lakini ukitia urefu mmoja pande zote unaweza kujikuta nyuzi zimekwisha upande mmoja kabla mkazo haujatimia.

Nikishakaza, nazipiga spoku kwa ukucha nikisikiliza: za upande mmoja zitoe sauti moja. Kisha nazishika mbili mbili zilizo sambamba na kuzibana kwa nguvu ya mikono yote miwili, kuzunguka gurudumu zima, ili viwiko vikae mahali pake sasa, visisubiri kukaa chini ya magunia. Halafu nanyoosha tena. Gurudumu jipya lirudi kwangu baada ya safari za kwanza za mzigo, maana zitakazolegea hulegea siku hizo.

Ukija kusukiwa gurudumu, njoo na fremu yote, si ringi peke yake. Nahitaji kupima nafasi ya ekseli nyuma: zipo za mm 110, za 120, za 130, za 135, na habu isiyolingana na fremu hulazimishwa kwa nyundo hadi ekseli ikapinda. Spoku nunua za pakiti moja, na uongeze nne za akiba za kila urefu. Zifunge kwenye fremu kwa mpira wa zamani pamoja na funguo yake, maana njiani kutoka porini hakuna duka.