Texmf ni nini, na kwa nini ukihamia Ubuntu LaTeX haioni faili zako

Texmf ni mti wa folda ambamo LaTeX, ile programu ya kupanga nyaraka na kuzitoa kama PDF, hutafuta kila inachohitaji zaidi ya maandishi yako mwenyewe: staili, fonti, kanuni za kupanga marejeo, hata nembo ya shule ukiamua kuiweka humo. Mtu anaweza kuandaa mitihani miaka nenda rudi bila kulisikia jina hilo. Hulisikia siku anapobadilisha mfumo wa kompyuta.

Na wanaobadilisha sasa hivi si haba. Huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na laptopu nyingi za mtumba tunazotumia huku Kigoma hazikubali Windows 11, kwa kuwa inadai TPM 2.0 (chipu ya usalama) na prosesa za miaka ya karibuni. Fundi anakuwekea Ubuntu, mfumo wa bure wa familia ya Linux, anakuwekea na TeX Live, kifurushi chenye LaTeX, unalipa, unakwenda zako. Jioni unafungua mtihani wa hesabu wa kidato cha tatu, unaiamuru kompyuta itoe PDF, nayo inakujibu `File 'mtihani.sty' not found`. Faili yenyewe, yaani staili yako ya mitihani, unaiona kwenye flashi. Ukifungua Documents, nayo imo. Hapo ndipo mtu anapoanza kumlaumu fundi.

Fundi hana kosa. LaTeX haipekui diski nzima. Kazi ya kutafuta faili inafanywa na sehemu ya TeX Live iitwayo kpathsea, nayo ina orodha ya mahali pa kwenda, pamoja na utaratibu wa wapi paanze na wapi pafuate. Huanza na folda ileile ulimo mtihani wako. Ikikosa, huenda kwenye miti ya texmf, na miti hiyo ni zaidi ya mmoja. Kwa mtumiaji wa kawaida, mitatu inatosha kuijua.

Mmoja ni wako peke yako. Jina lake rasmi ni TEXMFHOME, na kwenye Ubuntu ni folda ya `~/texmf`, yaani texmf iliyo ndani ya folda yako ya nyumbani. Hauji wenyewe, lazima uuunde. Wa pili, TEXMFLOCAL, ni wa wote wanaotumia kompyuta hiyo, kwa hiyo unafaa kwenye maabara ya shule. Kwenye Ubuntu uko `/usr/local/share/texmf`, na kila ukiongeza kitu humo endesha `sudo mktexlsr` ili orodha ya faili isasishwe, la sivyo hakitaonekana. Wa tatu, TEXMFDIST, umeletwa na TeX Live yenyewe. Huo usiuguse. Najua wapo wanaoshauri utupie faili zako humo, na kweli zitasomwa, ila TeX Live hutoa toleo jipya kila mwaka, na ukishapandisha toleo unaweza kukuta kitu chako hakisomwi tena wala hukumbuki ulikiweka wapi.

Mti wako unaundwa kwa mstari mmoja: `mkdir -p ~/texmf/tex/latex/mtihani`. Kisha hamishia `mtihani.sty` ndani ya tawi hilo la mwisho. Matawi hayo si pambo. Faili ukiiacha juu kabisa, ndani ya `~/texmf` bila tawi, haitaonekana. Ukisahau tawi la `tex` ukaunda `~/texmf/latex`, haitaonekana vilevile, na kwa kadiri nilivyoona hilo ndilo kosa linalopoteza muda wa watu kuliko yote, kwa sababu folda inatazamika kana kwamba iko sawa. Staili na klasi hukaa `tex/latex`. Faili za bst, yaani kanuni za kupanga marejeo za programu ya BibTeX, hukaa `bibtex/bst`. Mpangilio huu unaitwa TDS (TeX Directory Structure), nao ni uleule Windows, Mac na Linux. Ndiyo maana mti uliopangwa vizuri unabebeka mzima kwenye flashi: kwenye Mac unauweka `~/Library/texmf`, na kwa anayetumia MiKTeX, kifurushi kingine cha LaTeX, unaongeza folda hiyo kwenye mipangilio ya MiKTeX Console, basi.

Ukishaweka, uliza. Fungua terminali uandike `kpsewhich mtihani.sty`. Ikijibu kwa kuonyesha njia ya faili, LaTeX imeiona. Ikinyamaza, haijaiona, na hakuna haja ya kuendelea kubonyeza. Ukitaka kujua kompyuta inadhani mti wako uko wapi, andika `kpsewhich -var-value=TEXMFHOME`. Amri hizi mbili hazili hata baiti moja ya bando, tofauti na ile tabia ya kufuta TeX Live yote na kuipakua upya.

Kuna mtego hapa. Mti wako hutazamwa kabla ya ule wa TeX Live. Hilo ni zuri kwa faili ulizotunga, ila kuna watu wanaozoa `.sty` zote walizozikuta Windows na kuzimwaga kwenye `~/texmf`. Sasa `geometry.sty` ya miaka kumi iliyopita inakaa mbele ya ile mpya, na makosa yanayotokea hayaeleweki kabisa, maana pakeji nyingine zinategemea mpya. Andika `kpsewhich -all geometry.sty`. Ukipata mistari miwili, inayotumika ni ya kwanza. Beba ulivyotunga wewe tu, vingine futa.

Si kila `not found` inatokana na mti, hata hivyo. MiKTeX ya Windows ilikuzoesha vibaya kidogo: ikikosa pakeji, huipakua yenyewe ukiwa kazini. TeX Live ya Ubuntu haifanyi hivyo. Kama inayolalamikiwa ni `siunitx.sty`, weka pakeji ya Ubuntu iitwayo `texlive-science` kwa `sudo apt install texlive-science`. Kama ni `exam.cls`, weka `texlive-latex-extra`. Kama ni `tikz.sty`, weka `texlive-pictures`. Wapo watakaokuambia uweke `texlive-full` uondokane na usumbufu. Hiyo ni gigabaiti kadhaa. Mwenye intaneti ya ofisi na aiweke. Mwenye bando la wiki atajuta.

Jambo jingine la haraka: Linux inatofautisha herufi kubwa na ndogo. `Nembo.PNG` na `nembo.png` kwa Windows ni kitu kimoja, kwa Ubuntu ni faili mbili.

Fonti zina habari yake. Chuo kikidai Times New Roman nawe unatumia XeLaTeX, aina ya LaTeX inayotumia fonti za kompyuta yenyewe, utaikosa, kwa kuwa Ubuntu haiji nayo. Liberation Serif ina upana uleule wa herufi, hivyo mistari na kurasa hazihami sana. Ukiwa na fonti yako halali, iweke `~/.local/share/fonts` kisha endesha `fc-cache`. Angalia: XeLaTeX ikiitafuta fonti kwa jina lake huuliza mfumo wa Ubuntu, kwa hiyo usishangae ukiiweka ndani ya texmf na isionekane.

Na sisi waandishi wa Kiswahili tuna donda letu, nalo ni ile alama ya ng’. Faili za zamani za Windows mara nyingi huihifadhi ile iliyopinda kama baiti 92 ya Windows-1252, mfumo wa zamani wa Windows wa kuhifadhi herufi, na baiti hiyo ikiwa peke yake si halali kwa UTF-8, mfumo wa herufi unaotumika sasa. Tangu mwaka 2018 LaTeX huichukulia kila faili kuwa UTF-8 isipoambiwa vingine, basi ikifika kwenye ng’ombe wa swali la nne inasimama na kulalamika `Invalid UTF-8 byte`. Hapo Ubuntu haihusiki. Badilisha faili yenyewe kwa `iconv -f WINDOWS-1252 -t UTF-8 zamani.tex > mpya.tex`, na hakikisha majina hayo mawili hayafanani, vinginevyo utabaki na faili tupu.

Kama mna mwalimu mwenzenu Kasulu au Urambo ambaye bando halimtoshi, pakua wewe kwa `sudo apt-get install --download-only` ukifuatiwa na majina ya pakeji. Faili za deb, yaani pakeji zenyewe, zitabaki `/var/cache/apt/archives`. Zikopi kwenye flashi pamoja na mti wako wa texmf, naye ataziweka kwa `sudo dpkg -i *.deb`. Sharti toleo la Ubuntu liwe moja, na upakulie kwenye kompyuta isiyo na TeX Live bado, kwa sababu apt, programu ya Ubuntu ya kupakua pakeji, hupakua tu vile ambavyo kompyuta yako haina.